Shajara ya mwongozo wa Far Cry 2: kero za kuvumilia na kero za kukwepa

Ingizo la 1: Kazi yenyewe

Tunaandika mwongozo wa Kiswahili kwa mtu anayeianza Far Cry 2 leo kwenye kompyuta. Gemu hii ilitoka Oktoba 2008, kazi ya studio ya Ubisoft ya Montreal, na mkurugenzi wake wa ubunifu alikuwa Clint Hocking. Unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe, bunduki mkononi, ndani ya nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Makundi mawili, UFLL na APR, yanapigana. Wewe ni askari wa kukodiwa uliyetumwa kumuua muuza silaha anayeyauzia yote mawili, mtu aitwaye Jackal, ambaye humu tutamwita Mbweha. Ardhi ya kutembea ni takriban kilomita za mraba 50, imegawanywa nusu mbili: Leboa-Sako upande wa kaskazini na Bowa-Seko upande wa kusini. Injini inayoiendesha inaitwa Dunia. Jina hilo halihitaji maelezo kwa wasomaji wetu.

Ugumu wa kuieleza gemu hii ni kwamba sifa zake na kero zake zimeshonwa kwa uzi mmoja. Bunduki inagoma katikati ya mapambano. Malaria inapanda ukiwa mafichoni. Gari linafuka moshi kilomita mbili kutoka unakokwenda. Mchezaji mpya huona mambo haya kama matatu ya ubovu, kumbe ni kanuni moja inayofanya kazi: mpango wako utavurugika, na gemu inataka kuona utafanya nini baada ya hapo. Ila kuna kero nyingine ambazo haziingii katika kanuni hiyo, na hizo ni makosa ya kweli. Mwongozo wetu utazitenganisha. Za kwanza tunamfundisha msomaji kuzitumia, za pili tunampa njia ya kuzikwepa.

Ingizo la 2: Kusakinisha

Toleo tunalolitumia ni Fortune's Edition, linalouzwa Steam na GOG. Lina vitu vya ziada vilivyotolewa baada ya gemu yenyewe: upinde wenye mishale ya kulipuka, shotgani iliyokatwa mtutu, nyingine ya kimya, na magari mawili.

Hatua tulizoziweka kwenye ukurasa wa kwanza:

Sakinisha, washa mara moja, fika menyu kuu, kisha zima. Hapo gemu inaunda folda zake ndani ya My Games.

Kwenye Steam, fungua sifa za gemu na uandike katika sehemu ya chaguo za kuwashia: -GameProfile_SkipIntroMovies 1. Maandishi hayo yanaondoa video za nembo kila unapowasha. Kwenye GOG unayaandika mwisho wa mstari wa njia ya mkato.

Funga fremu kwenye 60 kwa sekunde, ama kwa ulandanishi wa wima (V-Sync) wa ndani ya gemu au kwa programu ya kadi yako ya picha. Ikiachiwa huru kwenye mashine ya kisasa, picha hukatikakatika hasa ukiwa ndani ya gari.

Weka programu ndogo ya mashabiki iitwayo Multi Fixer. Inarekebisha kasoro ambayo gemu ilitoka nayo: kanda za sauti za Mbweha, zile unazozikuta nchini na kumpelekea mwandishi wa habari Reuben, hufika mahali zikaanza kurudia maneno yaleyale badala ya kuendelea na mahojiano. Kanda hizo ndizo zinazobeba fikra za hadithi nzima, kwa hiyo bila marekebisho haya msomaji anakosa nusu ya maana. Programu hiyohiyo inapanua pembe ya kuona, ambayo asili yake ni nyembamba mno kwa mtu aliyekaa karibu na skrini, na inaweza kuondoa mmeto wa vitu vya kuokota.

Jambo moja la faraja kwa mwenye kompyuta: anaweza kuhifadhi mchezo popote kwa F5. Waliocheza kwenye PlayStation 3 na Xbox 360 walilazimika kufika kwenye maficho, yaani nyumba za kulala za mhusika, au duka la silaha. Tumeandika shauri la wazi hapa. Tumia F5 kabla ya kuzima mashine, si kabla ya kila kona. Ukihifadhi kila dakika, hakuna mpango utakaovurugika, na utakuwa umeitoa gemu roho yake kwa mkono wako mwenyewe.

Ingizo la 3: Bunduki zinazogoma

Sehemu hii imetuchukua muda kuliko tulivyokadiria, kwa sababu watu wengi hawajui bunduki inagoma kwa nini.

Kila silaha ina hali yake, na hali hiyo huonekana kwa macho. Hakuna mstari wala namba kwenye skrini. Bunduki mpya kutoka dukani ina chuma kinachong'aa. Ukiifyatua sana inaanza kuwa na madoa, kisha kutu ya kahawia inatambaa kwenye mtutu na mfuniko wa chemba. Inapofika hapo inaanza kugoma: kidole kinavuta, kinasikika kishindo kikavu, na mikono ya mhusika inabaki ikihangaika na chuma. Bonyeza kitufe cha kujaza risasi hadi iachie. Ukiendelea kuitumia katika hali hiyo, mwisho wake inakulipukia mkononi. RPG-7 iliyochakaa ina tabia mbaya zaidi. Roketi inaweza kutoka bila nguvu, ikaanguka mbele yako, ikazungukazunguka chini kabla ya kulipuka au kuruka isikojulikana. Ukiona hivyo, geuka ukimbie, usisimame kutazama.

Kosa la mchezaji mpya ni kuokota bunduki za maadui. Bunduki hizo tayari ni chakavu, na mtu anayeishi kwa kuokota atagomewa katika kila pambano, kisha ataitukana gemu. Duka la silaha linafanya kazi tofauti na maduka ya gemu nyingi. Unalipa almasi mara moja kwenye kompyuta ya dukani, na tangu siku hiyo silaha ile ni yako: kwenye ghala la pembeni utakuta mpya kila ukirudi, bure. Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kila unapopita jirani na duka, ingia, acha za zamani, chukua mpya. Nunua pia kitabu cha uimara cha silaha unayoitegemea, kinapunguza kasi ya kuchakaa. Na mapema kabisa nunua makasha ya kuhifadhia, kwani yakishanunuliwa yanatokea kwenye maficho yako, nawe unaweza kuacha humo silaha ya akiba kwa kila nafasi.

Nafasi ni tatu mbali na panga: silaha kuu, ya pili, na maalumu. Mpangilio tunaoupendekeza kwa saa za mwanzo ni bunduki kuu ya masafa ya kati, bastola au bomu la kutega katika nafasi ya pili, na bunduki ya mashine ya PKM katika nafasi maalumu. Sababu ya PKM si nguvu peke yake. Ukigomewa na bunduki kuu huku watu wawili wanakujia, kubadili silaha ni haraka kuliko kuikwamua.

Kuna chaguo la kuwashia, -GameProfile_UnlimitedReliability 1, linalofanya silaha zisichakae kabisa. Tumeijaribu gemu kwa namna hiyo ili tujue kinachopotea, na kinachopotea ni kingi. Bila kutu hakuna sababu ya kurudi dukani, hakuna sababu ya kubadili silaha, na mapambano yanafanana yote: unasimama nyuma ya ukuta mmoja na bunduki moja hadi mtu wa mwisho aanguke. Bunduki inapogoma unalazimika kuhama, na ukihama unakutana na pipa la gesi, gari la adui, nyasi kavu. Uamuzi wetu ni kuacha chaguo hili nje ya mwongozo mkuu. Tutaliweka kwenye kiambatisho kwa wanaolihitaji kwa sababu za kiafya, kama mtu ambaye vidole vyake havimruhusu kubonyeza haraka.

Ingizo la 4: Majeraha na malaria

Uhai umegawanywa vipande vitano. Kipande kilichopungua kidogo kinajijaza chenyewe ukipumzika, kilichoisha hakirudi bila sindano. Kipande cha mwisho kikianza kumeta, sindano si kazi ya kwanza tena. Ukibonyeza kitufe cha kujitibu, mhusika anautazama mwili wake. Anachomoa risasi kwenye mguu kwa koleo. Anang'oa kipande cha chuma kilichochoma mkono. Anazima moto unaowaka begani. Mara nyingine anaurudisha mfupa uliotoka mahali pake, na sauti yake unaisikia. Yote hayo yanafanyika huku risasi zinapita, wala huwezi kuyakatiza. Kwa hiyo tumeandika kanuni: kwanza jifiche nyuma ya kitu kigumu, kisha ndipo ujitibu. Ukuta wa mabati wa kibanda hauhesabiki kuwa kitu kigumu, risasi zinapenya.

Malaria tumeiandikia kurasa mbili. Mhusika anaugua tangu siku ya kwanza, na homa inampanda kila baada ya muda: macho yanaingia ukungu, miguu inaishiwa nguvu, na ni lazima ameze kidonge. Vidonge vinapatikana kwa mtandao wa siri unaowasaidia raia kutoroka. Unapeleka hati za kusafiria mahali familia zilipojificha, unapewa dawa. Vikiisha na homa ikapanda, unazimia.

Kama kanuni ya mchezo, malaria inafanya kazi vizuri. Inakukumbusha kwamba mwili wako ni mali ya nchi hii sasa, na inakulazimisha kukutana na watu pekee ambao hawakutaki kwa ajili ya bunduki yako. Kama picha ya ugonjwa, msomaji wetu ataikataa mara moja, na ana haki. Mtu mzima aliyepewa dawa mseto anameza vidonge vinne kwa mkupuo, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, na akikamilisha dozi anapona. Hamezi kimoja kimoja kila homa ikipanda na kuendelea kuugua wiki nzima. Tumeweka sentensi hiyo kwenye mwongozo, kwa kuwa wapo vijana watakaoisoma na hatutaki mazoea ya mhusika yaonekane kuwa tiba.

Ushauri wa vitendo ni mfupi: usisubiri kubaki na kidonge cha mwisho. Safari ya kupeleka hati inaweza kupita vizuizi kadhaa, na homa haichagui wakati.

Ingizo la 5: Moto

Hapa hatuna lalamiko hata moja.

Moto wa Far Cry 2 unasambaa. Nyasi kavu zinashika, upepo unausukuma, na miali inafuata upande upepo unakoelekea. Tazama nyasi kabla ya kurusha chupa ya petroli: zinakoinamia ndiko moto utakakokwenda. Kama zinakuinamia wewe, usirushe. Zunguka kwanza uwe upande upepo unakotoka, kisha choma, kisha subiri. Walinzi wanaacha nafasi zao, baadhi wanakimbilia uwazi ambako ndiko bunduki yako imeelekea, na moto ukiifikia rundo la risasi lililowekwa kambini, risasi zile zinaanza kufyatuka zenyewe kila upande. Mtungi wa gesi ukitobolewa unaruka kama roketi ukiwa na mkia wa moto, na pale utakapoangukia nyasi zitashika upya.

Kwa nini tunaupenda hivi? Kwa sababu moto hauko upande wa mtu. Risasi ikilikosa lengo inapotea, lakini moto ukilikosa unaendelea na safari. Mchezaji aliyechoma kambi bila kutazama nyasi atajikuta anarudi nyuma hatua kwa hatua, bunduki mkononi, akitafuta mahali penye udongo mtupu. Hayo hayakuandikwa na mtunzi wa hadithi. Yametoka kwenye nyasi, upepo na chupa moja.

Kirusha moto cha LPO-50 kinakaa nafasi maalumu. Kibebe kwa kazi ya kambi zilizozungukwa na majani tu, kwa maana masafa yake ni mafupi na ukiwa nacho umeiacha PKM nyumbani.

Ingizo la 6: Vizuizi

Sasa kero kubwa, na kwa maoni yetu ndiyo kosa la kweli la gemu hii.

Karibu kila njia panda ina kizuizi: vibanda vichache, gari moja au mawili, walinzi. Wote wanakupiga risasi wakikuona. Haijalishi umetoka kufanya kazi ya UFLL au ya APR. Sababu inayotolewa ni kwamba kazi zako ni za siri na askari wa kawaida hawana taarifa, na kwa saa ya kwanza sababu hiyo inakubalika. Mijini kuna kusitisha mapigano, kama pale Pala, ambapo unaweza kutembea kati ya askari mradi usifyatue. Ukitoka nje ya mji, kila mtu ni adui.

Hilo peke yake tungelivumilia. Lisilovumilika ni hili: unaua walinzi wote wa kizuizi, unachukua risasi na sindano, unakwenda umbali fulani, ukirudi unawakuta wako kamili. Wale wale, mahali pale pale, kana kwamba hukupita. Mchezaji anayetoka kusini kwenda kaskazini na kurudi anapigana vita ileile mara mbili bila faida yoyote ya ziada.

Tulikuwa tukijadiliana kama hili ni la kanuni au la kosa. Hoja ya kulitetea ni kwamba vita haviishi, na nchi iliyovunjika haitulii kwa sababu mgeni mmoja amepita na bunduki. Hoja nzuri, lakini inaanguka kwa ushahidi wa gemu yenyewe. Gemu inakumbuka kila mkoba wa almasi uliouokota. Inakumbuka kila nyumba ya maficho uliyoisafisha. Inakumbuka swahiba gani, yaani askari mwenzako wa kukodiwa, amekufa. Kukumbuka kwamba kizuizi fulani kilipigwa jana hakungeilemea. Na kama wazo lilikuwa vita visivyoisha, basi walinzi wapya wangefika kwa gari baada ya siku moja au mbili za ndani ya gemu, mchezaji akawaona wakishusha mizigo. Wakitokea tu nyuma ya mgongo wako, unachojifunza ni kwamba ulichokifanya hakikuwa na maana, wakati gemu nzima imekufundisha kwamba kila unachofanya kina matokeo. Ndiyo maana tunaliita kosa.

Far Cry 3 ya 2012 ilichagua kinyume: kituo ukikiteka kinabaki chako, na njia zinazokizunguka zinatulia. Wachezaji walifurahi, kisha wakafika mwisho na kukuta ramani imenyamaza, hadi yakatolewa maboresho ya kuwaruhusu kuvirudisha vituo kama vilivyokuwa. Jibu lililo bora liko katikati, na hakuna hata moja kati ya gemu hizi mbili iliyolifikia.

Kwa sasa, mwongozo unamfundisha msomaji kukwepa:

Panda basi kwanza. Kila nusu ya nchi ina vituo vitano vya basi, kimoja katikati na vingine pembeni. Kabla ya kuanza kazi yoyote, tazama kituo kipi kiko karibu na lengo, kisha panda basi hadi hapo hata kama kwa barabara unaona ni karibu.

Lala. Kwenye kitanda cha maficho unageuza saa ya mkononi na kuchagua muda wa kuamka. Chagua saa nne usiku. Gizani walinzi wanaona kwa shida zaidi, na ukinunua mavazi ya kujificha tofauti inaonekana. Mchana wanakuona kutoka mbali mno, hata ukiwa kwenye majani. (Tulibishana kama tuandike saa kwa namna ya skrini, 22:00, au kwa namna tunavyozungumza. Tumeandika zote mbili mara ya kwanza, kisha ya kwetu peke yake.)

Acha barabara. Ukikaribia kizuizi, ingia porini mapema na ukizunguke kwa gari dogo. Wakikufuata, usishindane nao mbio, magari yao yana kasi ya kutosha na bunduki juu. Simama nyuma ya mwamba, shuka, mpige dereva.

Piga darubini mara moja. Ukikichungulia kizuizi kwa darubini, alama za risasi, dawa na magari zinaandikwa kwenye ramani yako na hazifutiki. Hiyo ndiyo faida pekee ya kudumu ambayo kizuizi kinakupa, na ukishaichukua huna sababu ya kusimama hapo tena.

Ingizo la 7: Ramani ya mkononi na gari

Ramani ni karatasi. Ukibonyeza kitufe, mhusika anaishika mkononi pamoja na kifaa kidogo cha kuonyesha mahali, na dunia haisimami. Ukiwa unaendesha, ramani inakaa mapajani: unainamisha macho, unasoma njia panda inayofuata, unainua macho na kukuta kuna mbuyu. Taa ndogo ya kijani kwenye kifaa kile inameta almasi ikiwa jirani, na inaongeza kasi ukielekea upande wake sahihi. Zunguka polepole mahali ulipo hadi imete kwa haraka kabisa, kisha tembea mstari ulionyooka. Watu wengi huzungukazunguka kwa miguu wakiitafuta, kumbe mwelekeo tayari wameshapewa.

Gari likifuka moshi, shuka, fungua boneti, kaza spana kwenye rejeta. Tengenezo ni lilelile hata kama gari lilipigwa nyuma, na tunalisema hili bila kulitetea. Lenye umuhimu ni namna ya kusimamisha gari: liegeshe mkia ukiwaelekea maadui. Utasimama mbele ya boneti, na gari zima litakuwa ngao yako.

Misafara ya silaha, kazi anazotoa mwenye duka, tuliiandikia aya moja tu kwa sababu siri yake ni moja. Msafara unazunguka njia ileile bila kusimama. Usiufukuze. Tafuta kipande cha njia kilicho mbali na vizuizi, tega mabomu mawili kwenye matairi yatakapopita, kaa juu ya kilima. Acha gari la kwanza lipite. Lengo ni lori la katikati, na likilipuka kazi imekwisha hata kama walinzi bado wako hai. Kila msafara unafungua silaha mpya dukani, kwa hiyo fanya kazi hizi mapema kuliko kazi za makundi.

Ingizo la 8: Maswahiba

Neno "rafiki" lilikuwa dogo, "mshirika" likawa la ofisini. Tumechagua "swahiba".

Kuna maswahiba 12, nawe mwanzoni unachagua kuwa mmoja kati ya 9, kama Warren Clyde, Marty Alencar au Quarbani Singh. Waliobaki unakutana nao nchini. Mmoja anakuwa swahiba wa karibu: ukipewa kazi na kundi, anakupigia simu na njia nyingine ya kuifanya, ndefu zaidi, yenye faida kwake. Ikubali njia hiyo. Inaboresha maficho yako kwa risasi na vifaa, na inakuza uhusiano.

Mwingine ndiye wa kukuokoa. Ukianguka vitani anatokea, anakuburuta, anakupa bastola, anapigana kando yako. Akishakuokoa mara moja hayuko tayari tena hadi umtembelee kwenye maficho. Hili ndilo watu husahau, kisha wanashangaa kufa. Tumeliandika kwa wino mzito: baada ya kuokolewa, safari inayofuata ni maficho, kabla ya kazi yoyote.

Na yeye anaweza kuanguka katika pambano hilohilo. Utamkuta chini, amelala upande, anakuita. Unampiga sindano. Mara nyingine moja inatosha. Mara nyingine anaomba ya pili, na ya tatu, na unaelewa taratibu kwamba hizi si za kumponya. Unaweza kumwacha, kumpiga risasi, au kuendelea kumpa dawa hadi alale. Akifa hatarudi, na kazi zake zinakwenda naye. Hakuna muziki mzito wala maandishi ya skrini. Ni mkono wako, sindano, na mtu aliyekuokoa dakika tano zilizopita. Katika gemu za aina hii tunazozijua, ni chache zilizopata kitu kama hiki kwa vifaa vichache hivi, nasi tumeikataza timu kueleza kwenye mwongozo nani anakufa wapi.

Ingizo la 9: Nchi isiyo na wenyewe

Sehemu hii haikuwa kwenye mpango. Imeingia kwa sababu msomaji wa Mwanza, Goma au Mombasa ataliona jambo hili kabla hata ya kufyatua risasi ya kwanza.

Udongo mwekundu wa barabara ni sahihi. Mwanga wa saa kumi na moja jioni ni sahihi. Mabati yenye kutu, mibuyu, vumbi linalobaki hewani gari likishapita, vyote vimetazamwa kwa makini. Lakini raia hawapo. Gemu inaeleza kwamba wamekimbia vita, na kweli wachache wanaonekana wamejificha na mtandao wa siri. Hata hivyo vita havimwondoi kila mtu. Kuna anayebaki na shamba, anayeuza maandazi kwa askari haohao, anayevusha watu mtoni kwa malipo mara tatu. Kuna mabasi bila abiria. Vijiji vina vyungu na havina mpishi. Na wenye sauti ndefu ni wageni: askari wa kukodiwa, muuza silaha, mwandishi wa habari.

Tunaliweka upande wa kero, juu ya bunduki zote zinazogoma. Kuwapo kwa raia kungekuwa na faida ya mchezo pia. Moto ungekuwa uamuzi mzito zaidi kama ng'ambo ya nyasi kungekuwa na shamba la mtu.

Ingizo la 10: Hali ya sasa

Kurasa za Leboa-Sako zimekamilika na kusomwa mara mbili. Za Bowa-Seko ziko nusu: vituo vya basi na maduka ya silaha vimewekwa kwenye mchoro, njia za mtoni bado. Kifungu cha kudungua kwa bunduki ya vishale kimerudishwa kwa mwandishi wake, kwani kilimshauri mchezaji kuinunua mapema wakati lazima kwanza avunje misafara ili ifunguke. Faharasa ina maneno matatu yasiyoamuliwa: la mtumbwi wa injini unaokwenda kwenye kinamasi, la kile kishada kikubwa cha kurukia kutoka mlimani, na la dude la chuma la kurushia makombora ambalo wengine wameliita mzinga na wengine kombora. Jaribio linalofuata ni kucheza kazi tatu za kwanza za Bowa-Seko kwa ngazi ya juu kabisa ya ugumu, bila F5, kwa basi na miguu tu, ili tuone kama ushauri wa ingizo la 6 unashika pale ambapo sindano ni chache.